Mashua Iliyovaa Nguo ya Yaya Chanda

Kilichonirudisha ziwani ni kitovu cha gurudumu la baiskeli. Dada yangu alikikuta ndani ya sanduku la bati siku alipokuwa akihamisha jiko lake, akakifunga katika kipande cha kitenge, akampa jirani aliyekuwa akija mjini. Hakuandika barua. Nilipokifungua, pua ilikitambua kabla ya macho: harufu ya grisi kuukuu iliyochanganyika na mafuta ya karanga. Nikakisimamisha mezani juu ya mhimili wake na kukizungusha kwa kidole kimoja. Gololi zake zilikuwa hai bado. Kilizunguka muda mrefu kwa sauti ndogo, kama ya mtu anayechekecha unga katika chumba cha pili, nami nikaacha kazi iliyokuwa mbele yangu na kukisubiri mpaka kikasimama chenyewe.

Nilikuwa na umri wa miaka sita au saba. Mama, niliyemuuliza zaidi ya mara moja, alihesabu miaka yangu kwa mvua, na kuna mvua moja ambayo hakuwa na hakika nayo. Tuliishi Nchelenge, nyumba ya tatu kutoka majini. Mama alizaliwa ng'ambo, upande uliokuwa ukiitwa Zaire wakati huo. Baba alizaliwa upande huu, Zambia. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa cha Mama. Baba alikizungumza kama mtu anayevaa koti la kuazima, kwa uangalifu na kwa kufurahia mifuko yake, na alipotaka kunibembeleza aliniita mayo, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Dada yangu, Chanda, alikuwa mkubwa kuliko mimi kwa miaka zaidi ya kumi. Nilimwita yaya, neno ambalo kwetu humaanisha ndugu mkubwa na wala si mlezi wa kuajiriwa, ingawa ni kweli kwamba ndiye aliyenilea. Tulilala mkeka mmoja. Katika miezi ya baridi alikuwa akiibana miguu yangu kati ya miguu yake mpaka ipate joto, ndipo naye alipolala. Sikujua kwamba watu wengine hulala kwa namna nyingine.

Yaya Chanda alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Mwansa, mpole, mwenye nyavu zake mwenyewe, aliyeishi Kilwa. Msomaji wa pwani anisamehe: simaanishi Kilwa yake, bali kisiwa cha Kilwa kilichomo katika Ziwa Mweru, ambacho kutoka ufukwe wetu kilionekana asubuhi kama mstari wa mkaa na adhuhuri hakikuonekana kabisa.

Kwa watu wa baba yangu kuna desturi iitwayo icilanga mulilo, yaani kuonyesha moto. Kabla ya ndoa, upande wa mke humpikia mchumba wa binti yao kila chakula ambacho nyumba yao inaweza kukipika. Wanawake hukibeba kwa nyimbo hadi kwake, na kila chungu hufunuliwa mbele yake na mbele ya jamaa zake, kimoja baada ya kingine, kwa jina. Binti mwenyewe hubaki nyumbani. Tangu siku hiyo mwanamume huyo ana ruhusa ya kula kwa wakwe zake, kwa kuwa amekwisha kuuona moto wao. Neno hilo, moto, halitumiwi kwa mapambo. Chakula kilichopoa hakijaonyesha kitu.

Mwansa alilelewa na shangazi yake, mwanamke mwenye miwani na maneno machache, na maneno hayo machache alijua mahali pa kuyaweka. Aliposikia kwamba siku imepangwa, alimtuma mvuvi mmoja atuletee salamu, naye mvuvi akazitoa ufukweni mbele ya wanawake wote waliokuwa wakianika chisense, wale dagaa wetu: "Mwambieni mama yake Chanda asijisumbue. Chakula cha kuvuka maji kinafika kimelala. Sisi tutapasha."

Mama alikuwa akitwanga karanga. Hakusimama, ila mapigo ya mchi yalibadilika.

"Batapasha," alisema jioni, akimtazama Baba kana kwamba yeye ndiye aliyetuma ujumbe. "Ile sufuria yangu ya kwanza, akifunua, moshi ya chakula itamwingia mu macho. Sikia vile nasema. Mu macho."

Tatizo lilikuwa la hesabu, na Baba, aliyekuwa seremala, aliliona mara moja. Petroli ilikuwa imeadimika. Injini yake ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa gunia kama mgonjwa. Ilibaki mashua ya tanga ambayo mzungu mmoja wa mambo ya samaki alimwachia alipokuwa akirudi kwao, kwa shukrani ya makasha ya kufungia vyombo vyake. Ilikuwa mashua ya starehe, pana, nzito, yenye tanga moja la turubai. Na upepo wa Mweru katika kiangazi una tabia zake. Asubuhi hutoka nchi kavu, mdogo, pumzi tu, hauwezi hata kulikunjua turubai. Karibu na adhuhuri hugeuka, hutoka kusini-mashariki, nao huja na mawimbi. Tukisubiri upepo huo mkubwa, chakula kitafika jioni, kimepoa na kulowa. Tukiondoka alfajiri kwa turubai, tutakaa mbele ya soko la Kashikishi, hapo jirani tu, tukitazamana na wauza samaki mpaka mchana. Kuhusu makasia, Mama alijibu kabla ya kuulizwa: wapiga kasia wanne ni sufuria nne zinazobaki nyumbani.

Baba alikumbuka kwamba yule mzungu, asubuhi za utulivu, alikuwa akipandisha mbele ya mlingoti tanga la pili, jepesi, kubwa, ambalo halikushushwa kwa kukusanywa na mikono. Lilijiviringa lenyewe, kama mkeka, kwa kuvuta kamba moja kutoka nyuma. Mzungu alikwenda nalo. Lakini Baba alikuwa ameliona mara nyingi, na kitu alichokiona mara nyingi aliamini kwamba anaweza kukitengeneza. Isitoshe, kujiviringa huko hakukuwa anasa. Sehemu yote ya mbele ya mashua ingejaa vyungu, na upepo mkubwa utakapoanza hapangekuwa na nafasi ya mtu kwenda huko kupambana na kitambaa. Tanga lilipaswa kufungwa na mtu aliyekaa nyuma, mara moja, bila kugusa hata kifuniko.

Alikwenda Kashikishi kwa dada mkubwa wa Mama, Mama Mukubwa Feza, aliyekuwa na cherehani barazani karibu na soko. Tulikwenda naye sisi sote. Yeye na Baba waliitana mulamu, yaani shemeji, na kwa shemeji wa aina hiyo utani ni wajibu.

"Mulamu, nataka unishonee tanga," Baba alisema. "Jepesi. Pembe tatu, basi."

"Pembe tatu." Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. "Na kiuno iko wapi?"

"Tanga haina kiuno, mulamu."

"Kitambaa bila kiuno ni shuka. Unataka shuka, enda ku soko, banauzisha."

"Miye najua tanga. Nimejenga mashua tatu."

"Na miye nimevalisha banamuke mia, na hakuna hata moja alizama. Kitambaa unacho?"

Baba hakuwa nacho. Macho ya wote, bila mtu kutaka, yalikwenda kwenye rafu iliyokuwa juu ya mlango, palipokuwa na jora la popilini nyeupe lililoletwa kutoka ng'ambo kwa ajili ya nguo ya harusi ya Yaya Chanda na nguo za wasindikizaji wake. Yaya alikuwa ameketi chini akishona vifungo. Hakuinua kichwa.

"Muchukue ile."

"Ile ya robe yako?" Mama aliuliza.

"Mama, kama ile bibi ataseka nyungu zako, miye nitavala robe na macho gani? Nitavala kitenge. Robe, mashua njo itavala."

Mama Mukubwa Feza alisimamisha cherehani. Alimtazama sana, kisha akavuta kiti chini ya rafu.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, na kwa kuwa nimekuwa nikiishi kwa kusoma maandishi ya wengine, naona haki kueleza jinsi nilivyoisoma hali hiyo. Nilikuwa nimeambiwa kwamba atakayevaa nguo nyeupe ndiye atakayekwenda kukaa Kilwa kwa Mwansa. Sasa nilimsikia Yaya mwenyewe akisema kwamba nguo hiyo itavaliwa na mashua. Hitimisho halikuhitaji akili kubwa. Mashua ndiyo itakayoolewa, na Yaya atabaki Nchelenge, kwenye mkeka wetu. Nilipata furaha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa kuwa nilidhani kila mtu anaijua.

Siku zilizofuata zilinipa ushahidi kila nilipogeuka. Mama Mukubwa alikuja ufukweni na utepe wake wa kupimia shingoni, akaipima mashua kutoka ncha ya mlingoti hadi omo, akiandika kwa chaki kwenye kiganja. Baba aliisugua na kuipaka mafuta. Mwanamke mmoja mzee alikuja kila alasiri kumfundisha Yaya mambo ya ndoa, mlango ukiwa umefungwa, nami nilifikiri anafundishwa ili akaifundishe mashua.

Kazi ya Baba nilikaa nikiitazama, na naikumbuka kipande kwa kipande. Alitoa vitovu viwili katika magurudumu ya mbele ya baiskeli zilizokufa. Kimoja alikisimamisha wima kwenye ncha ya boriti ya mkaratusi aliyoitokeza mbele ya mashua. Mhimili wake aliufunga usizunguke. Sehemu ya nje akaiacha huru. Kwenye kingo zake mbili, palipokuwa na matundu ya spoku, aliunganisha visahani viwili alivyovikata kutoka katika debe la mafuta ya kupikia, na kitovu kikawa bobini kubwa kama ya cherehani. Juu ya bobini hiyo alizungusha kamba nyembamba, akaipitisha ubavuni mwa mashua hadi nyuma. Kitovu cha pili alikining'iniza juu, kwenye kamba ya kupandishia tanga, ili ncha ya tanga iweze kuzunguka bila kuisokota kamba hiyo. Kati ya vitovu hivyo viwili alikaza kamba nene ya katani, na ukingo wa mbele wa popilini ukashonewa juu yake. Nadharia yake ilikuwa hii: mtu akivuta kamba nyembamba, bobini itazunguka, kamba nene itazunguka nayo, na tanga litajifunga juu yake toka chini hadi juu.

Jaribio la kwanza lilifanywa mashua ikiwa mchangani, mbele ya nusu ya Nchelenge. Baba alivuta. Chini tanga lilijiviringa vizuri sana. Juu halikuwa na habari. Kamba nene ilijisokota tu katikati, na sehemu ya juu ya kitambaa ikabaki ikipepea.

"Chini analala, juu anacheza," alisema Mama Mukubwa Feza. "Kama mulevi mu ndoa ya mutu."

Baba alicheka pamoja na watu, lakini alikuwa akitafuna ndani ya shavu. Ni Mama aliyeinama na kuipapasa kamba. Alikuwa amesokota nyuzi za nyavu tangu utoto wake, juu ya paja, kwa kiganja.

"Hiyi yote imesokotwa na mukono mumoja," alisema. "Unaizungusha upande wake, inafunguka. Inaona mulango, inatoka."

Alikaa chini papo hapo akasokota ya pili kwa mkono wa kushoto, juu ya paja la kushoto, ili misokoto yake iende kinyume. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili. Kisha Baba alizifunga kamba mbili pamoja, kila baada ya upana wa kiganja, kwa vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu. Kila moja ilipotaka kufunguka, nyingine ilizidi kukaza. Chini ilipozunguka, juu nako kukazunguka, na Mama akaondoka kwenda kuchambua mboga bila kusubiri sifa.

Ilibaki kiuno. Mama Mukubwa hakushona pembe tatu. Kila mahali ambapo upana mmoja wa popilini uliungana na mwingine alipunguza kitambaa kwa mshono wa mviringo, kidogo pembeni, zaidi katikati, kama afanyavyo kwenye nguo ya mwanamke mwenye nyonga, na tanga likawa na tumbo. Baba alinung'unika mpaka asubuhi moja, ziwa likiwa limetulia kama maji ya beseni, pumzi moja ilipotoka nchi kavu na tumbo hilo likajaa. Turubai halikutikisika. Mashua ilianza kwenda. Baba alimgeukia shemeji yake, akavua kofia, akaivaa tena.

Hata hivyo kiuno kilipoviringwa kilileta mikunjo katikati, kama soksi iliyoshuka.

"Unaona, mulamu. Kiuno yako njo inaharibu."

"Kiuno yangu haiharibu kitu. Huyu amekosa nyama tu. Bibi-arusi akikosa nyama, tunamuwekea."

Alikwenda, akarudi na ukanda mrefu alioushona kwa blanketi kuukuu, mwembamba kwenye ncha, mnene katikati, akaushonea ndani ya ukingo wa mbele. Kamba ikawa nene mahali ambapo kitambaa kilikuwa kingi, na kila mzunguko ukameza zaidi pale palipokuwa na zaidi ya kumezwa. Tanga lilijifunga laini toka mwanzo hadi mwisho. Kwangu huo ulikuwa uthibitisho wa mwisho. Nani huwekewa nyonga kama si bibi-arusi?

Siku yenyewe Mama alipika tangu jogoo wa kwanza. Kulikuwa na kuku mzima asiyekatwa, mchuzi wa samaki aitwaye kwetu pale, jamii ya sato, kisamvu cha karanga, maharage, ugali uliokandwa ukang'aa. Kila chungu kilikaa ndani ya beseni la mchanga uliopashwa moto, kikafunikwa blanketi, na sehemu ya mbele ikajaa mpaka ukingoni. Tulikuwa Mama, Mama Mukubwa Feza, majirani wawili, Baba kwenye usukani, na mimi nyuma, miguuni pake, kwa sababu mikono ya wakubwa wote ilikuwa na sufuria. Nilipewa ile kamba nyembamba. Nilipaswa kuivuta Baba atakaposema, si kabla. Yaya Chanda alisimama majini mpaka magotini na kutusukuma. Alikuwa amevaa kitenge cha kila siku. Nilimpungia mkono kwa huruma kidogo, kama mtu anayemwacha mwenzake nyumbani siku ya sherehe.

Asubuhi hiyo sijapata kuona nyingine kama yake. Maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majani ya chai. Tulizipita mashua za wavuvi ambao maturubai yao yalining'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani, nao wakasimama kututazama, kwa maana sisi tulikuwa tukienda na hapakuwa na upepo.

"Munasukumwa na nini?" mmoja aliuliza.

"Na harufu," Mama Mukubwa alijibu. "Kaa hapo unuse."

Majirani walianza wimbo, Mama akawa anagusa ubavu wa kila sufuria kwa mgongo wa mkono, kama anayepima homa za watoto. Kisiwa kikawa na miti, kisha miti ikawa na nyumba, kisha mbele ya nyumba tukaona watu wakishuka ufukweni. Katikati yao palikuwa na kitu kilichokuwa kikimeta, na Mama alisema ni miwani.

Ndipo upande wa kusini-mashariki ziwa lilipobadilika rangi. Mstari mweusi ulikuwa ukija juu ya maji.

"Mayo," Baba alisema kwa utulivu, "funga."

Sikuvuta.

"Mayo. Kamba."

Niliishika kwa mikono miwili, nikaubana ulimi kwa meno, na sikuvuta. Upepo wa kwanza ulitufikia. Tumbo la popilini liligeuka jiwe, mashua ikainama, na sufuria za mbele zikaanza kuteleza zikisugua ubao. Mama alikinga ya kisamvu kwa nyayo zake zote mbili. Mchuzi wa samaki ulimwagika kidogo, nikausikia ukiunguruma juu ya mchanga wa moto.

"Weye mutoto, juu ya nini hauvute?" Mama Mukubwa Feza alikuwa amelikumbatia beseni la kuku.

"Batamuona uchi," nikasema.

"Nani?"

"Bibi-arusi."

Mama Mukubwa alilitazama tanga, akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukiyakusanya yote: utepe, kiuno, nyama ya blanketi. Majirani walikwisha kuanza kucheka. Yeye hakucheka. Alizungumza nami kama anavyozungumza na mteja.

"Sikia, Mama. Bibi-arusi wa heshima hafike kwa bakwe na robe ya kulowa. Anakunja kwanza. Maji ikipita, anavala tena."

"Atavala tena?"

"Atavala. Miye njo nilimushonea. Unaona kama naweza kudanganya juu ya robe yangu?"

Nikavuta. Nilivuta kwa mwili wote, nikilala chali juu ya miguu ya Baba. Kule mbele kitovu kilianza kuimba, na weupe wote ule ukajizungusha juu ya kamba ya mama yangu, mwembamba zaidi na zaidi, mpaka ukabaki kama jani changa la mgomba ambalo halijafunguka. Mashua ikanyooka. Sufuria zikakaa. Baba akakaza turubai, na tukaingia Kilwa kwa upepo mkubwa, chini ya vigelegele, bila mtu aliyelowa zaidi ya vifundo vya miguu.

Shangazi yake Mwansa aliketi mbele, mpwa wake pembeni. Mama alipiga magoti, akaiweka sufuria ya kuku, akaitaja kwa jina, akaondoa blanketi, akaondoa kifuniko. Yule mwanamke aliinama kuchungulia. Mvuke ulipanda kama uliokuwa ukingojwa, ukavifunika vioo vyote viwili vya miwani yake vikawa vyeupe vitupu. Alibaki hivyo, ameinama, mikono magotini.

"Sioni kitu," alisema.

"Ungojee kidogo, dada," Mama alimjibu kwa sauti tamu kupita zote nilizowahi kuzisikia kwake. "Ni moto, inapita."

Mwansa ndiye aliyeanza kucheka, kisha shangazi yake, akiwa bado haoni, akavua miwani na kuipangusa kwa kitenge, akasema kwamba basi, ameonyeshwa. Alikula kisamvu mara mbili. Zaidi ya hayo nakumbuka kidogo, kwa sababu nilishiba na kulala.

Kesho yake tulirudi, tukiikata pumzi ya asubuhi kwa mshazari, na Mama Mukubwa alitimiza neno lake: tanga lilifunguliwa mbele ya kisiwa kizima. Nilimkuta Yaya Chanda ufukweni nikamwambia kwamba wamempokea.

"Banamupokea nani?"

"Mashua. Banamupenda. Sasa weye unabakia."

Alicheka. Kisha akaacha. Aliketi mchangani, akanivuta kati ya magoti yake na kunieleza jinsi ilivyo, pole pole, na alieleza vizuri hata sikupata mahali pa kubishana.

Ndoa ilifungwa kabla ya mvua. Alivaa kitenge, cha bluu, chenye samaki, na popilini ilikuwa pale ilipokuwa, mbele ya mlingoti. Tulimsindikiza kwa mashua ileile, asubuhi, kwa pumzi ileile ndogo, wanawake wakiimba. Nilikaa mahali pangu, miguuni pa Baba, na kamba yangu. Tulipofika katikati, pale ambapo Nchelenge na Kilwa zinalingana kwa udogo, niliivuta. Hakuna aliyesema funga. Kitovu kiliimba, nguo nyeupe ikajiviringa, mashua ikapunguza mwendo na kusimama kabisa juu ya maji yasiyo na kunyanzi hata moja. Wimbo nao ukaisha.

"Nani amesema funga?" Baba aliuliza, ingawa aliona.

"Wacha, Tata," Yaya alisema. "Tusimame kidogo."

Alipita katikati ya watu akaja kuketi nyuma, karibu nami, na kuichukua miguu yangu kati ya miguu yake. Haikuwa na baridi. Hakuna aliyetuharakisha. Mama Mukubwa Feza alijifanya anatafuta uzi katika pindo la kitenge chake.

"Tutasimama mpaka lini?" Yaya aliniuliza baada ya muda.

"Mpaka kesho."

"Kesho chakula yangu itakuwa imelala. Na unamujua yule bibi."

Nilimjua. Nikacheka kabla sijataka, yeye akacheka, na Baba akaangalia pembeni. Tanga la namna ile halifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja hulegeza kamba nyembamba, na mwingine huvuta kamba iliyofungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, likakunjuka. Yaya aliitafuta kwa mkono ile ya pili, akaishika, akanitazama.

Mimi nikaachia, yeye akavuta.